Klachi ya Mama Trela

Wifi yangu akiingia garini huvua kiatu cha kushoto. Cha kulia hakigusi. Cha kushoto anakisukuma chini ya kiti, halafu anakanyaga klachi kwa mguu mtupu. Ukimuuliza sababu, atakuambia kwamba mguu wa kulia kazi yake ni kutoa amri, lakini wa kushoto kazi yake ni kusikiliza, na masikio hayavalishwi soksi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yangu, mkwewe, na ndivyo alivyovuta mizigo ya watu mpaka mji mzima ukasahau jina lake na kumwita Mama Trela.

Watu husema mawifi ni paka na panya. Mimi na huyu tumewanyima watu raha hiyo. Nilimpenda tangu mwezi alioingia nyumbani kwetu, na nitaeleza kwa nini. Baba alikuwa na gari lake la kuvutia trela, kubwa, la magurudumu yote manne, na injini ya dizeli aliyoitoa kwenye gari jingine baada ya ile ya kwanza kufa. Alitaka mwanawe mmoja arithi usukani. Kaka mkubwa alipopewa nafasi aligonga ghala. Kaka mdogo, ambaye ndiye mume wa Mama Trela, ni mpishi hodari na mtu wa watu, lakini hutapika garini hata injini ikiwa imezimwa. Mimi baba hakuniuliza, na hilo nitazungumza naye siku nikimfuata huko aliko. Basi asubuhi moja bibi harusi alimkuta baba akihangaika peke yake kurudisha trela nyuma, anashuka anatazama, anapanda, anashuka tena. Akamwambia, "Baba, ama nikuelekeze ukiwa juu, ama unielekeze nikiwa juu." Baba akamkabidhi ufunguo. Kaka zangu wawili walikuwa wamesimama barazani, midomo wazi.

Mizigo yake mingi ni ng'ombe. Asiyejua anadhani kuvuta ni kuvuta tu, uwe umebeba saruji au mnyama. Mfuko wa saruji ukitikiswa haulalamiki. Ng'ombe husafiri amesimama, na gari likiruka mbele ghafla miguu inamponyoka, na ng'ombe mwenye mimba akianguka ndani ya trela, huo ni msiba wa wawili. Kwa hiyo baba alimfundisha kwa beseni. Aliweka beseni la maji katikati ya sakafu ya trela, akamwambia apande kilima, asimame, aondoke, arudi nyuma, aondoke tena, na akifika juu maji yawe kama yalivyokuwa. Mwanzoni beseni lilifika kavu na trela limeoga. Baadaye baba akawa ananawia uso maji hayohayo juu ya kilima. Cheti kingine hakupewa, na wala hakuomba.

Baba alipofariki gari likabaki la familia, na familia yetu ina msemaji mmoja. Kaka mkubwa ni mtu mwema. Suruali zake zina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate, na anaamini kwamba aliyetangulia kuzaliwa alizaliwa na majibu yote. Nampenda, lakini kumsikiliza ni kazi nyingine.

Klachi iliungua kwenye kona ya kilima cha tangi la maji. Haikuwa ya kwanza. Iliyotangulia iliungua palepale. Klachi, kwa asiyeijua, ni sahani inayounganisha injini na magurudumu. Ikishika, gari linakwenda. Ikiteleza inajisugua, inapata moto, inanuka mpaka majirani wanafunga madirisha. Na kona ile imekunjika kama kiwiko. Trela halipiti kwa mkupuo mmoja: lazima usimame, urudi nyuma kidogo, ukate usukani, kisha uondoke tena huku pua ya gari ikitazama mbingu. Hata ukiwa umeshaingiza zile gia nzito za kupandia mlima, hapo uzito wote wa gari, trela na mnyama unaning'inia kwenye klachi.

Kaka mkubwa akaita kikao sebuleni kwa mama. Kaka mdogo akaleta chai, maana yeye akiona ugomvi unakuja huwasha jiko.

"Shemeji, wewe unailalia klachi, mguu huutoi," kaka mkubwa akaanza. "Klachi mbili, kona moja, mguu mmoja. Sasa mkosaji tumtafute wapi?"

"Mguu wangu unaujua, shemeji. Ulimwona baba akinawia uso maji ya beseni juu ya kilima."

"Hayo ya zamani. Kuna mtu ameliulizia gari, na anasubiri simu yangu tu. Tutaweka klachi moja ya mwisho. Hiyo nayo ikiungua, au ukimwangusha ng'ombe wa watu, nampigia aje alichukue. Gari la baba haliwezi kuwa tanuri."

Nilitaka kusema neno, mama akanikanyaga chini ya meza. Mama Trela akaweka kikombe chini. Gari lile ndilo kazi yake, na ndilo jina lake. Likiondoka angebaki Mama Nani? Akasema kwa upole, "Sawa. Lakini hii nachagua mwenyewe."

"Kuna kuchagua gani? Chukua iliyo na nguvu kuliko zote, ubishi uishe."

Na kazi ilikuwa mlangoni. Ushirika wa maziwa ulikuwa unataka kuwahamisha ng'ombe wake wenye mimba kutoka zizi la bondeni, ambalo hujaa maji, kwenda banda jipya juu karibu na tangi, kabla mvua hazijaanza. Daktari wao wa mifugo, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alimtaka Mama Trela. Lakini alisema wazi kwamba mvua hazimsubiri mtu, na kwamba mwenye lori alikuwa amekwisha kuja kuulizia.

Tukaenda kwa muuza vipuri, sote watatu, kwa sababu kaka alitaka kuhakikisha nguvu inanunuliwa. Muuza vipuri akatandika gazeti juu ya kaunta, akaweka sahani ya klachi yenye vipande vya shaba vilivyopangwa kuizunguka kama meno.

"Hii haijui kuteleza," alisema. "Magari ya mashindano yanafungwa hii. Ukiachia mguu tu, imekamata."

Kaka akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama Trela akayapapasa yale meno, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa cha nguo ya mtoto. "Inakamataje? Hilo ndilo ninalouliza. Inakuja kidogo kidogo au inadaka?"

"Mama, klachi ni klachi. Hata gari langu mwenyewe nimefunga hii."

"Basi niazime gari lako nilijaribu na trela langu. Sinunui kiatu cha mguu wangu kwa kuambiwa."

Fahari ni kitu kizuri sana mtu akiwa nayo na wewe unahitaji gari lake. Alasiri ile gari la muuza vipuri, la magurudumu manne kama letu, lilikuwa limefungwa trela chini ya kilima, na beseni limejaa maji katikati ya sakafu. Kaka mkubwa akasema atapanda nyuma mwenyewe alilinde beseni, asije mtu akasema limeibiwa maji. Akachuchumaa karibu nalo, akazikunja suruali zake kwa uangalifu.

Mama Trela akavua kiatu cha kushoto. Akaachia klachi taratibu, taratibu zaidi ya hapo sijawahi kuona. Gari likatulia, likaendelea kutulia, kisha likadaka. Liliruka kama lililochomwa sindano, trela likafuata na kishindo, na nyuma nikasikia sauti ya maji na sauti ya kaka. Akajaribu tena. Kwenye kurudi nyuma ikawa mbaya zaidi, beseni likatoka trelani na kubingirika hadi mtaroni. Muuza vipuri akasema labda ni mguu wa dereva, akapanda mwenyewe. Yeye alimrusha kaka mpaka kwenye mlango wa trela.

Kaka alishuka maji yakimchuruzika kutoka kiunoni. Watu wengine walijizuia. Mimi nilicheka, na nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Basi chukua ile ya kawaida," kaka akasema, akijikamua.

"Ya kawaida ndiyo iliyoungua, shemeji."

Huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe, na hapo hata kicheko changu kilikauka. Laini inaungua, kali inaangusha. Nilimtazama wifi yangu akikiokota kiatu chake, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana hofu.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda gereji. Fundi wetu alikuwa ameshusha sanduku la gia, na tumbo la gari lilikuwa wazi. Mama Trela akalala chali juu ya boksi, akaingia chini, akamulika kwa simu. Alikaa huko muda mrefu. Alikuwa anaitazama flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini, ambalo ndilo klachi hujibana juu yake. Lilikuwa na madoa ya buluu ya kuungua.

"Fundi," akaita kutoka chini, "alama ya kuungua inaishia hapa katikati. Huku pembeni chuma ni kisafi, hakijawahi kuguswa. Na haya matundu ya huku nje yanafungwa nini?"

"Hayafungwi kitu, mama. Nimeyakuta hivyo hivyo."

"Nani atoboe chuma kigumu namna hii kwa kupoteza muda?"

Fundi akaingia chini naye, na brashi ya waya. Akasugua tundu moja, likatoa uchafu wa miaka, na ndani yake kukawa na njia ya bolti, safi. Akasugua la pili. Kisha akaanza kucheka mwenyewe huko chini. "Mama, gurudumu hili limetobolewa kwa klachi za saizi mbili. Sisi tumekuwa tukifunga ndogo."

Nikaelewa hata mimi. Miaka yote tulikuwa tukienda dukani na kutaja jina la gari, na muuza vipuri anatupatia klachi ya gari hilo. Lakini injini haikuwa yake. Baba aliitoa kwenye gari kubwa zaidi, lenye kazi nzito zaidi, na hakuna aliyekumbuka. Tulikuwa tunampima mtu viatu kwa kutazama kofia yake.

Mama Trela akatoka chini, uso mweusi kwa grisi, akaenda moja kwa moja kwa kaka mkubwa. "Shemeji, nipe mkono." Kaka akampa. Akamfinya kwa kucha, kaka akaruka. "Hiyo ni ile ya shaba. Inashika padogo, kwa ukali." Kisha akamshika kiganja kizima, akazungusha vidole, akatulia. "Sasa jitoe." Kaka akavuta. Akavuta tena, akaweka mguu mbele. Hakutoka. "Na umeumia?" 

"Sijaumia," kaka akasema, akiutazama mkono wake.

"Mimi nataka klachi ya kiganja. Kitambaa kilekile cha kawaida, lakini sahani pana."

Muuza vipuri alikuwa nayo, nyuma kabisa ya rafu, na sasa alikuwa mpole kama maziwa. Fundi aliipachika kwenye shafti ya gia, ikaingia bila ubishi. Flaiwili ikapelekwa kwa mchonga vyuma ikasawazishwa. Ikabaki presha, lile bamba lenye springi linaloibana sahani mahali pake. Zilikuwepo mbili, ngumu na ngumu zaidi. Kaka akanyoosha kidole kwenye ile ngumu zaidi, maana mtu habadiliki kwa maji ya beseni moja. Ikafungwa. Mama Trela akakaa, akakanyaga, akashikilia mguu chini kama anavyoshikilia kwenye kona. Baada ya muda goti lake likaanza kutetemeka.

"Itoe, fundi."

"Mama, kushusha gia si kushusha kikapu."

"Najua. Lakini ng'ombe hawatahama mmoja tu. Mguu ukichoka saa sita, nitawaangusha wa saa nane. Itoe."

Fundi alinung'unika siku nzima na akaitoa. Ile nyingine ilipofungwa, akakanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia, macho ameyafumba. Tabasamu lilipoanza kumjia niliondoka nikaenda kusimama nje, kwa sababu mimi nikifurahi hulia, na gereji si mahali pake.

Kaka alidhani kesho yake trela litapanda. Mama Trela akakataa. Sahani mpya na chuma kilichochongwa, alisema, bado ni wageni. Vikipewa mzigo kabla havijazoeana vitaungua kabla havijajuana. Akaanza kuzunguka mjini bila trela. Gari lile kubwa likawa linabeba vitunguu vya mama na kapu la nguo zangu. Watu wakamtania mitaani, wakimuuliza kama Mzee, ndivyo walivyoliita gari, amestaafu. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mto, na mwenye lori akaonekana zizini akipima mlango kwa hatua. Daktari akatuma salamu moja fupi: bado? Kaka akasema, "Unalitembeza gari kama mgonjwa." Yeye akajibu, "Mgonjwa anayepona hutembezwa."

Alihitaji mahali pa kusimama na kuondoka mara nyingi, na mtu wa kumpa uzito mdogo. Kaka yangu mdogo akajitolea. Alikaa kiti cha mbele, ndoo mapajani, uso umemgeuka rangi, akapitishwa mitaa yote ya soko, simama, ondoka, simama, ondoka. Aliporudi alishikwa mkono kuingizwa ndani. Wanaotafuta maana ya mapenzi wasiende mbali.

Kisha asubuhi moja Mama Trela akafunga trela.

Daktari alimchagua ng'ombe wa kwanza, mwenye mabaka, mkubwa kuliko wote, tumbo limeshuka, wanamwita Bibi. "Bibi akifika salama, wote watafika," alisema. "Bibi asipofika salama, namwita mwenye lori." Mimi nilikaa kiti cha mbele. Kaka mkubwa alitangulia kwenye kona, akasimama kando ya barabara, simu mkononi. Nilijua namba ya nani iko juu.

Kiatu cha kushoto kikaingia chini ya kiti. Gari likaondoka bondeni, nami sikuhisi lilipoondoka; niliona tu mti umebaki nyuma. Tukapanda. Kwenye kona akasimama, akavuta breki ya mkono, akaingiza gia ya nyuma. Trela likarudi polepole hadi ukingoni, mahali ambapo ukitazama chini unakumbuka dhambi zako. Akakata usukani. Sasa tulikuwa tunatazama mawingu, na uzito wote nyuma yetu. Kaka alikuwa ameinua pua, ananusa.

Nikautazama ule mguu. Vidole vilijikunja kidogo, kisigino kikashikilia sakafu, na ukaanza kuinuka kama mkate unavyoumuka. Gari likajiinamisha, likashika. Breki ikaachiwa. Hatukurudi nyuma hata unywele, wala hatukuruka. Tulikwenda tu. Tulimpita kaka pale pale aliposimama, na pua yake bado juu, ikitafuta moshi ambao haukuwepo.

Juu kwenye banda daktari alifungua mlango wa trela mwenyewe. Bibi alikuwa amesimama miguu minne imara, na alikuwa anacheua. Ng'ombe aliyeogopa hacheui. Daktari akaweka kiganja ubavuni mwake, akasikiliza, kisha yule asiyecheka ovyo akacheka. "Huyu amekuja matembezi," alisema. "Leteni wengine."

Tulileta wengine. Kutwa nzima tulipanda na kushuka, na kwenye kona ile kila mara nilibana meno na kila mara sikuwa na haja. Watu walikuja kusimama kando ya barabara, fundi miongoni mwao, akiwaeleza habari ya yale matundu kana kwamba aliyatoboa yeye. Wale waliouliza kama Mzee amestaafu walikuwepo pia, na mimi niliwapungia mkono mmoja mmoja kupitia dirishani, ili wajue nimewaona.

Ilipofika safari ya mwisho matone makubwa yalikuwa yameanza. Kaka mkubwa akaja bondeni, akaufungua mlango wa trela, akapanda akasimama kando ya ng'ombe, na suruali zake za pasi. Mama Trela akamtazama kwenye kioo, nami nikamtazama Mama Trela. Alimpandisha kilima kile kama alivyowapandisha wengine wote.

Juu kaka akashuka. Akajitazama suruali, mstari wa pasi ulikuwa mahali pake. Simu yake ikaanza kulia. Akaitazama namba, akaipokea palepale mvuani.

"Ndiyo, ni mimi. Hapana. Hapana, ndugu yangu, haliuzwi." Akasikiliza kidogo. "Sio suala la bei. Gari lina mwenyewe."

Mama Trela alikuwa ameinama chini ya kiti akitafuta kiatu chake cha kushoto. Alichukua muda mrefu sana kukipata.